Saa ya Kupima Afya: Tuiunde Wenyewe au Turekebishe Iliyopo?



Safari hii tuna swali jipya, na ni swali zuri. Vijana wetu wanaotengeneza simu wameona kwamba vipuri vya saa janja vyaweza kununuliwa kimoja kimoja, na kwamba kwenye intaneti kuna maelezo ya kuviunganisha. Basi wauliza: kwa nini kikundi kisitoe pesa kidogo, tukaunda saa zetu wenyewe za kupima mapigo ya moyo na presha? Wazee na akina mama wajawazito wazivae, tujue hali zao bila kungoja foleni ya hospitali. Wengine wasema hapana, saa zimejaa dukani, tununue zilizopo tuzirekebishe zitufae.

Tusilichukulie swali hili kama mchezo wa vijana. Pesa za kikundi ni jasho la watu. Na zaidi ya pesa, kuna uhai. Mama mwenye presha akivaa saa inayomwambia kila asubuhi kwamba yuko sawa, naye akaacha vidonge vyake, saa hiyo imemdhuru kuliko kama hangekuwa na saa kabisa. Kwa hivyo tuangalie polepole: saa hizi zafanyaje kazi, zaweza nini, haziwezi nini, na kikundi kitumie pesa zake wapi.

KWANZA: TUNATAKA KUPIMA NINI, NA KWA NINI?

Kabla ya kununua hata waya mmoja, kikundi kijiulize shida yake ni nini. Saa si shida, na ukosefu wa saa si ugonjwa.

Huku kwetu shida moja kubwa ni presha ya kupanda. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha haipigi hodi. Mtu anabeba mizigo bandarini, anauza samaki, anacheka na wenzake, kisha siku moja anaanguka kwa kiharusi. Kwa mama mjamzito presha yaweza kuleta kifafa cha mimba, kikamchukua yeye na mtoto.

Shida ya pili ni nimonia kwa watoto wadogo. Mtoto anakohoa, tunasema ni baridi, tunampaka mafuta kifuani, na asubuhi hali ni mbaya.

Hizi ni shida mbili tofauti, na kila moja ina kipimo chake. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo litakalotuonyesha njia.

SAA JANJA INAONAJE MOYO?

Geuza saa janja uangalie mgongo wake. Utaona taa ndogo, mara nyingi za kijani, na karibu yake kijicho cheusi. Siri yote iko hapo. Damu inapenda kumeza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu nyingi kidogo hupita chini ya ngozi, na mwanga unaorudi kwenye kile kijicho hupungua. Moyo ukipumzika, mwanga unaorudi huongezeka. Saa inahesabu kule kupungua na kuongezeka, inakuambia: mapigo 72 kwa dakika. Hakuna uchawi.

Kupima hewa ya oksijeni katika damu kunafuata njia hiyo hiyo, ila taa ni mbili: nyekundu, na nyingine ambayo macho yetu hayaioni. Damu yenye oksijeni na damu isiyo na oksijeni humeza taa hizo mbili kwa viwango tofauti, na mashine inalinganisha. Mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyeonyesha njia hii mwaka 1974. Kile kibanio cha kidoleni tulichokizoea wakati wa korona ni mjukuu wa kazi yake.

Sasa, mwanga una adui zake, na wengi wako hapa Pwani. Jasho ni mmoja. Mkanda uliolegea ni wa pili. Mkono unaotikisika ni wa tatu, na ni nani kwetu anafua, anakuna nazi au anapiga kasia bila kutikisa mkono? Piko nyeusi kwenye vidole na rangi ya kucha zaweza kuzuia mwanga wa kibanio.

Jambo jingine, ambalo sisi watu weusi tunapaswa kulijua: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yakionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni viliwakosa wagonjwa weusi waliopungukiwa oksijeni karibu mara 3 kuliko vilivyowakosa wagonjwa weupe. Na hivyo ni vipimo vya hospitali. Basi kama mtu anahema kwa taabu, midomo imebadilika rangi, msingoje namba. Mwaminini mgonjwa kabla ya kuamini mashine.

PRESHA NI HABARI NYINGINE

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mapigo ya moyo na presha si kitu kimoja. Mapigo ni mara ngapi moyo unapiga. Presha ni nguvu ya damu ikisukuma kuta za mishipa. Mtu anaweza kuwa na mapigo 70, mazuri kabisa, na presha ya 190.

Kupima nguvu, lazima kitu kisukume. Ndiyo maana mashine ya presha ina mfuko wa hewa unaokaza mkono, kisha unaachia polepole. Daktari wa Italia, Riva-Rocci, alileta mfuko huo mwaka 1896, na Mrusi Korotkov akaongeza mwaka 1905 njia ya kusikiliza mshipa. Zaidi ya miaka mia imepita na bado dunia nzima inakaza mkono.

Saa yenye taa peke yake haikazi chochote. Inaangalia umbo la mapigo kisha inakisia. Hata kampuni kubwa zinakubali hivyo. Samsung, kwa mfano, imeagiza watumiaji wa saa zake zenye kipimo cha presha wazilinganishe na mashine ya mkononi kila baada ya siku 28. Yaani ukinunua saa ile, bado utahitaji mashine ya kukaza mkono! Huawei nao walipotaka saa ya presha iliyo ya kweli, iliwabidi watie mfuko mdogo wa hewa ndani ya mkanda. Mwaka 2025 Apple walipata kibali cha Marekani cha saa inayomwonya mtu kwamba huenda ana presha, lakini hata hiyo haitoi namba. Inakwambia tu nenda ukapimwe.

Na sukari je? Mwezi wa Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Ilisema haijaidhinisha hata moja. Kwa hivyo ukiona saa ya bei rahisi inayodai kupima mapigo, presha, sukari na oksijeni kwa pamoja, jua unauziwa maneno. Kuna saa zimewahi kufungwa kwenye ndizi, nazo zikaonyesha mapigo ya moyo. Ndizi ina moyo wapi?

NJIA YA KWANZA: KUUNDA WENYEWE

Tuseme kijana wa Magongo au Mjambere anayejua kulehemu ameamua kuunda. Atahitaji chipu ndogo ya kufikiri, wengi hutumia inayoitwa ESP32, kihisi cha mwanga, kama kile cha MAX30102, skrini ndogo, betri, sehemu ya kuchaji, mkanda na kisanduku cha kuvihifadhi. Kisha ataandika programu au achukue iliyoandikwa na wengine wakaitoa bure. Kijana hodari anaweza, na hatusemi uongo: saa itawaka, na itaonyesha namba.

Faida yake ni nini? Kijana amejifunza kazi. Anajua kila waya unakwenda wapi, na ikiharibika haendi kuomba mtu. Hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Anayejua kuunda saa atajua kutengeneza mashine ya presha iliyokufa.

Lakini taabu zake ni hizi:

(a) Kihisi kile kinasoma vizuri zaidi kwenye ncha ya kidole kuliko kwenye kifundo cha mkono. Kukisomesha kifundoni, na mtu akitembea, ni kazi ngumu.

(b) Betri. Betri za namna hii zikitobolewa, zikipigwa jua au zikichajiwa vibaya, huvimba na huweza kushika moto. Hiyo ni saa tunayotaka kumvisha bibi akilala.

(c) Chumvi na unyevu. Upepo wetu wa baharini unakula mabati, sembuse waya mwembamba kama unywele. Kisanduku kisichoziba vizuri hakitamaliza msimu.

(d) Gharama zilizojificha. Hesabu ya kwenye karatasi huwa ni ya vipuri tu. Haina usafiri na ushuru, haina vile vitakavyoungua wakati wa kujifunza, haina muda wa kijana aliyeacha kutengeneza simu za watu.

(e) Uthibitisho. Hili ndilo kubwa. Kipimo cha presha, ili dunia ikikubali, kinatakiwa kijaribiwe kwa watu wasiopungua 85, wa mikono na presha tofauti, kikilinganishwa kila mara na watu waliofunzwa kupima. Kikundi kitawapata wapi? Na hapa Kenya vifaa vya tiba viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kuunda kwa kujifunza si kosa. Kumuuzia mtu au kumpimia ugonjwa kwa kifaa kisichopitishwa ni jambo jingine.

Tutazame jirani zetu. Uganda, vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere, Brian Turyabagye na Olivia Koburongo, walianza mwaka 2014 kuunda jaketi la kutambua nimonia, linaloitwa Mama-Ope. Wazo lilitoka kwa msiba: bibi yake Olivia alizungushwa hospitali hadi hospitali, na nimonia ilipotambuliwa muda ulikuwa umekwisha. Mwaka 2017 kazi yao iliingia kwenye mashindano ya Tuzo ya Afrika ya wahandisi. Mwaka 2018 Mganda mwingine, Brian Gitta, akashinda tuzo hiyo kwa Matibabu, kifaa cha kutafuta malaria kwa mwanga bila kutoa damu. Ni watu wenye akili, wana chuo nyuma yao, wana wafadhili. Na bado Gitta alipokuwa akipokea tuzo, kifaa chake kilikuwa kwenye majaribio. Kuunda kifaa ni mwaka mmoja. Kukifanya kiaminike ni miaka mingi. Hilo si la kuwavunja moyo vijana. Ni kuwaambia ukubwa wa mlima kabla hawajaanza kuupanda.

NJIA YA PILI: KUREKEBISHA ILIYOPO

Njia hii inaanza na kitu ambacho tayari kinafanya kazi. Kuna saa zilizotengenezwa makusudi ili watu wazifungue na kubadilisha programu yake. Moja ni PineTime, iliyotangazwa mwaka 2019 na kuuzwa kwa chini ya dola 30 kabla ya usafiri na ushuru. Nyingine ni Bangle.js. Kijana anaweza kuifanya saa iseme Kiswahili, ionyeshe namba kubwa kwa wazee, itikisike saa 2 asubuhi na saa 2 usiku kumkumbusha mtu vidonge vyake. Hasumbuki na betri wala kisanduku, kazi hiyo imeshafanywa kiwandani.

Hata saa za kawaida za dukani, nyingi zaweza kuunganishwa na programu ya bure ya simu inayoitwa Gadgetbridge. Uzuri wake ni kwamba habari za mvaaji zinabaki ndani ya simu yake, haziendi kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo.

Lakini kumbukeni: kurekebisha programu hakuongezi jicho ambalo saa haina. PineTime inapima mapigo na hatua, basi. Huwezi kuiandikia programu ikapima presha. Ni kama redio: waweza kuifunga kamba, kuibadilisha betri na kuipaka rangi, lakini haitakuonyesha picha.

Kwa hivyo saa iliyorekebishwa inafaa kwa nini? Kukumbusha dawa. Kuhesabu mapigo mtu akiwa ametulia. Kumtia mtu moyo atembee. Hayo si madogo. Mgonjwa wa presha anayemeza dawa kila siku kwa sababu saa imemkumbusha amepata faida kuliko aliyevaa saa ya kukisia.

NJIA YA TATU: VITU AMBAVYO TAYARI MNAVYO

Wahenga walituambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kutafuta saa mpya, tuangalie mkeka wetu wa zamani.

Saa ya kawaida yenye mshale wa sekunde, au hata simu ya kabambe, ni kifaa cha afya ukijua kuitumia.

Kuhesabu mapigo: Mtu akae atulie dakika 5. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kina mapigo yake, kitakuchanganya. Hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida ana mapigo 60 hadi 100. Yakizidi hapo mara kwa mara, au yakipiga bila mpango, yanaruka na kurudi, aende kliniki.

Kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa: Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Inua nguo utazame kifua au tumbo. Kila kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi, ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kufikisha miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea haamki vizuri, msikae kuhesabu, mwondoke sasa hivi.

Angalieni: kipimo hiki kinaokoa watoto, na hakihitaji chipu wala lehemu. Kinahitaji mama aliyefundishwa.

Tena kuna wahudumu wa afya ya jamii. Tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua wahudumu 100,000 wa nchi nzima pale Uhuru Park, Nairobi, na mfuko wao wa vifaa una mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani. Mhudumu wa kijiji chenu ni nani? Je, amewahi kualikwa kwenye mkutano wa kikundi? Huenda kifaa mnachotaka kukiunda kinapita mlangoni penu kila wiki.

MASHINE YA KIKUNDI

Kama kikundi kina pesa na kinataka kununua kitu kimoja tu, ushauri wetu ni huu: nunueni mashine ya presha ya mkono wa juu, ile ya kidijitali. Msinunue ya kifundoni wala ya kidoleni. Kabla ya kulipa, mwombeni mwenye simu janja aangalie orodha ya STRIDE BP kwenye intaneti, inayotaja aina za mashine zilizothibitishwa. Mpime pia ukubwa wa mkanda: mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaongeza namba, na mkubwa kwenye mkono mwembamba unaipunguza.

Namna ya kupima: mtu akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, asikunje miguu. Awe amekwenda haja ndogo. Asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kufanya kazi nzito kwa nusu saa. Atulie dakika 5. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu. Msimsemeshe! Pima mara mbili, mkingoja dakika moja katikati, mwandike zote.

Namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, mpime siku nyingine, na ikirudia hivyo aende kliniki. Ikifika 180 au ya chini 120, na mtu anaumwa kifua, haoni vizuri, ana kichwa kikali au upande mmoja umelegea, hiyo ni dharura. Mkae Likoni, mpeleke hospitali ya Likoni. Mkae Changamwe, Port Reitz iko karibu. Msingoje feri ipungue watu. Na mama mjamzito akifika 140 kwa 90, hatungoji siku nyingine. Aende siku hiyo.

Kijana wetu wa saa anaingia wapi? Hapa hapa. Yeye ndiye awe fundi na mwandishi wa mashine hii. Atunze betri, alinganishe mashine na ya kituo cha afya angalau mara moja kwa mwaka, afundishe wengine.

NA WANAOTAKA KUUNDA HATA HIVYO?

Waunde, kama darasa. Kikundi kiwatengee kiasi kidogo kinachojulikana, kwa kura, kiandikwe kitabuni kama pesa za mafunzo. Hapa Mombasa kuna Swahilipot Hub kule Mji wa Kale na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambako vijana waweza kuuliza wenzao waliotangulia.

Saa ikiwaka, waijaribu hivi. Wachukue watu 10, vijana kwa wazee, waliotulia. Mmoja ahesabu mapigo kwa vidole dakika nzima bila kuona saa, mwingine aandike namba ya saa. Kila mtu apimwe mara 3. Kisha waangalie tofauti. Kama saa inatofautiana na vidole kwa zaidi ya mapigo 5 mara nyingi, haijaiva. Warudie baada ya watu kutembea, na tena wakiwa na jasho. Jaribio hilo hilo lifanyiwe saa ya dukani. Mtashangaa, na mtajifunza.

Lakini kuwe na sheria moja isiyovunjwa: hakuna mtu atakayeanza, kuacha au kubadilisha dawa kwa sababu ya namba ya saa, iwe ya kuunda au ya kununua.

SIRI ZA WATU

Mwisho, tusisahau heshima. Namba za mwili wa mtu ni siri yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na haki ya mtu inabaki vile vile hata kama zimeandikwa kwenye daftari la kikundi. Presha ya mama fulani isisomwe mkutanoni. Daftari likae kwa mtu mmoja mwaminifu, likifungwa. Ukitaka watu wakatae kupimwa, toboa siri ya mmoja tu.

KWA KIFUPI

Presha inapimwa kwa kukaza mkono. Pumzi za mtoto zinapimwa kwa macho na saa ya kawaida. Saa janja iliyorekebishwa ni mkumbushaji mzuri wa dawa na mhesabu wa mapigo. Saa ya kuunda ni shule nzuri ya vijana. Kila kimoja kikikaa mahali pake, pesa hazipotei na watu hawadanganyiki. Na kipimo chochote hakina maana kama baada ya namba hakuna anayejua hatua inayofuata: nani atamsindikiza mgonjwa, nauli itatoka wapi, na nani atabaki na watoto. Hayo ndiyo kikundi kinaweza kuyaunda chenyewe, tena vizuri kuliko kiwanda chochote.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi wamepimwa presha mwaka huu? Kwa nini wengine hawajapimwa?

2. Mhudumu wetu wa afya ya jamii ni nani? Tumwalike lini?

3. Ni akina mama wangapi kati yetu wanaojua kuhesabu pumzi za mtoto? Nani atatufundisha sote kabla ya mvua za masika?

4. Tukinunua mashine ya presha, itakaa kwa nani, na daftari kwa nani?

5. Mgonjwa akipatikana usiku na namba ya hatari, nauli itatoka kwenye mfuko gani, na nani ana ruhusa ya kuitoa bila kungoja mkutano?

Anzeni na swali la tano. Kikundi kikishalijibu, hayo mengine yatakuwa mepesi.